Nilimwambia mume wangu nasoma Neno, kumbe nasoma riwaya

Shangazi, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe.

Nakuandikia usiku, mume wangu amelala. Jambo lenyewe pengine utaliona dogo, lakini mimi silioni dogo tena.

Nina miaka 34, nimeolewa mwaka wa tisa huu, na tuna watoto wawili. Sote wawili tumeokoka. Mume wangu hakosi ibada, ila ni mkimya. Kimya chake si cha hasira, ndivyo alivyoumbwa. Akiombwa afunge kikao kwa sala husema sentensi mbili na amina. Nyumbani hatujapiga magoti pamoja, mimi na yeye peke yetu, tangu wiki ya kwanza ya ndoa.

Miaka miwili iliyopita rafiki yangu alinitumia kwenye simu riwaya ya mapenzi ya Kikristo. Nilisita, maana riwaya za mapenzi niliziacha siku nilipookoka. Akaniambia hii haina uchafu, wewe soma tu. Niliimaliza kwa siku mbili, na nililia. Tangu hapo sijaacha. Sasa ninazo zaidi ya arobaini: za wachungaji vijana waliofiwa na wake zao, za wafugaji wanaomrudia Mungu, za madaktari waliopoteza imani wakaipata tena. Nazipenda kwa sababu watu wake wanaomba. Mwanamume anamshika mwanamke mkono na kumwambia, "Tumwulize Mungu kwanza." Shangazi, nikisoma maneno kama hayo moyo unanidunda kama msichana.

Mwezi uliopita mume wangu aliamka akaniona na simu chini ya shuka. Akauliza, "Unasoma nini saa hizi?" Nikajibu, "Nasoma Neno." Akasema, "Vizuri," akageukia ukutani akalala. Mimi sikulala. Hiyo "vizuri" yake imenikaa kifuani mpaka leo.

Nilimwendea mama mmoja, kiongozi wa kikundi chetu cha maombi, nikamweleza. Hakunizungusha. Alisema ninazini moyoni, kwamba wanaume wa vitabuni nimewaingiza kwenye ndoa yangu, na kwamba shetani akija amevaa joho la kwaya ni hatari kuliko akija waziwazi. Akaniagiza nifute vitabu vyote na nifunge siku tatu. Kufunga nilifunga. Kufuta nilishindwa.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba nimeanza kumkasirikia mtu ambaye hajanikosea. Juzi nilikuwa natoka msibani, basi likachelewa, nikafika kituoni saa nane usiku na mvua inanyesha. Nikamkuta amesimama ana mwavuli na sweta langu. Unajua alisema nini? "Umechoka." Basi. Akachukua begi, tukatembea hadi nyumbani bila neno jingine. Njia nzima mimi nawaza jinsi yule mchungaji wa kitabu nilichokuwa nakisoma ndani ya basi angenipokea, angeniuliza habari za marehemu, angesali nami pale pale mvuani. Nilifika nyumbani nimemnunia, naye hata hajui kosa lake.

Nimekuwa nikimwombea abadilike, kama wale wanawake wanavyoomba. Wao hujibiwa. Je, imani yangu ni ndogo? Ninatenda dhambi? Nifute vitabu?

Ni mimi,
Msomaji wa Usiku

*

Marahaba, mwanangu. Asifiwe sana.

Jambo lako si dogo. Naanza na ile "vizuri" ya mume wako, kwa kuwa nadhani ndiyo iliyokufanya uandike. Umeniuliza kama unatenda dhambi, na moyo wako ulishakujibu usiku ule. Ulimdanganya, na ulilitumia Neno la Mungu kumdanganyia. Naye alikuamini na kufurahi. Hilo litengenezwe, na kulitengeneza kunatangulia kufuta vitabu, kwa sababu ukivifuta leo bila kumwambia utabaki na uongo ule ule na simu nyepesi.

Huyo mama wa kikundi usimchukie. Yesu alisema mtu anaweza kuzini moyoni (Mathayo 5:28), na Wimbo Ulio Bora unaonya mara tatu, "Msiyachochee mapenzi, wala kuyaamsha, hata yatakapoona vema yenyewe." Mama ameona kitu kinachochochewa, na kweli kinachochewa. Ila nadhani amekipa jina lisilo lake. Nimeisoma barua yako mara nne na sijaona mahali unapomtamani mwanamume mwingine. Nimemwona mwanamke anayetamani kusali na mumewe. Kumwita huyo mzinzi ni kumtwika mzigo usio wake, halafu ule ulio wake unabaki palepale.

Kusoma hadithi ya kubuni peke yake si dhambi. Nathani alipotumwa kwa Daudi hakwenda na mashtaka, alikwenda na hadithi ya maskini na mwana-kondoo wake mmoja (2 Samweli 12), na mfalme akawaka hasira kwa tajiri ambaye hakuwahi kuzaliwa. Hadithi ina nguvu hiyo. Ya Nathani ilimrudisha Daudi akajitazama mwenyewe. Zako zimekuwa zikikurudisha umtazame mumeo, umpime, umwone kapungua. Hapo ndipo ninapotaka tukae.

Mimi ni msomaji wa riwaya hizi, nazipenda, na sina nia ya kuziacha. Kwa hiyo naomba nikueleze zinavyotengenezwa, maana sidhani kuna aliyewahi kukueleza. Nyingi zinatoka Marekani na Kanada, na si kitu cha jana. Grace Livingston Hill, aliyezaliwa 1865 na kufariki 1947, aliandika zaidi ya mia moja. Mwaka 1979 Janette Oke wa Kanada alitoa riwaya yake ya kwanza, na mafanikio yake yakawafungulia njia wengi waliofuata. Mwaka 1997 Harlequin, kampuni kubwa ya riwaya za mapenzi za kawaida, nayo ikaanzisha mfululizo wa Kikristo. Kwa hiyo nyuma ya kitabu unachokishika kuna mwandishi anayempenda Mungu, mara nyingi kwa dhati kabisa, na pia kuna utaratibu wa uchapishaji.

Utaratibu wenyewe ni huu. Riwaya ya mapenzi, ya Kikristo au isiyo ya Kikristo, lazima iishe kwa furaha. Wawili wasipoishia pamoja, wasomaji na wachapishaji hawaiiti riwaya ya mapenzi. Ikiwa ya Kikristo linaongezeka sharti la pili: mlango wa chumba cha kulala unabaki umefungwa. Na la tatu ndilo linalokuhusu wewe. Paulo alisema msifungiwe nira pamoja na wasioamini (2 Wakorintho 6:14), kwa hiyo mwandishi hawezi kumwoza dada aliyeokoka kwa mtu asiyeamini. Yule mfugaji aliyemkasirikia Mungu katika sura ya kwanza lazima arudi kabla ya sura ya mwisho, la sivyo hakuna harusi, na bila harusi hakuna kitabu. Kurudi kwake kumepangiwa ukurasa tangu kabla dada hajapiga magoti.

Sasa angalia ulichoniuliza: "Wao hujibiwa. Je, imani yangu ni ndogo?" Mwanangu, umekuwa ukilinganisha maombi yako na maombi ambayo jibu lake liliandikwa kwanza. Imani ya yule dada haikupita yako. Yeye yuko ndani ya kitabu ambacho hakiruhusiwi kuisha vibaya, nawe uko ndani ya ndoa yenye mtu hai mwenye hiari yake. Mungu hajaweka saini kwenye masharti ya wachapishaji.

Lugha yetu ina jambo moja linalonishangaza kila mara. Mapenzi ni ya wawili wapendanao, na mapenzi ni yale tunayoyataja tukisali, "Mapenzi yako yatimizwe." Neno ni moja. Wasomaji wa Kiswahili tuko karibu sana na mtego wa riwaya hizi kwa sababu sikio letu limeshazoea kuyasikia yote mawili kwa sauti moja. Ndani ya riwaya, mapenzi ya dada na mapenzi ya Mungu mwishoni huwa ni mtu yule yule, anayemsubiri mlangoni. Tukizisoma arobaini mfululizo tunaanza kuamini kwamba ninachokitamani sana, nikikiombea kwa machozi, ndicho Mungu anachokitaka, na kuchelewa kwake ni sehemu ya hadithi tu. Lakini lile neno lilitumika pia Gethsemane: "Si mapenzi yangu, bali yako yatendeke" (Luka 22:42). Usiku ule mapenzi mawili hayakuwa kitu kimoja, na aliyekuwa anaomba hakupungukiwa imani.

Nikupe mfano ndani ya vitabu vyenyewe. Huenda kati ya hizo arobaini unayo ile ya Francine Rivers ya mwaka 1991, Redeeming Love, iliyojengwa juu ya kitabu cha Hosea. Mwandishi yule alikuwa akiandika riwaya za mapenzi za kawaida kabla ya kuokoka katika miaka ya 1980, na hii aliiandika baadaye kama ungamo la imani yake. Mkulima mcha Mungu anamwoa kahaba wakati wa msako wa dhahabu California. Mwanamke anamkimbia, anarudishwa, anakimbia tena, na mwishoni anarudi kwa hiari yake, anampenda, wanazaa watoto. Nimeisoma, imenigusa sana. Kisha rudi kwa Hosea mwenyewe, sura ya tatu. Anamnunua mke wake kwa vipande kumi na vitano vya fedha na shayiri homeri moja na nusu, anamwambia atakaa kwake siku nyingi, na habari za mwanamke yule zinaishia hapo. Kama aliwahi kumpenda Hosea, hatuambiwi. Biblia ilimwacha nabii amesimama na upendo wake mkononi, bila jibu. Riwaya isingeweza kumwacha hivyo.

Sisemi mwandishi alikosea. Alikuwa anaandika riwaya. Ninachosema ni kwamba ukitaka kujua Mungu anavyotembea na mtu ambaye mwenzake hajabadilika, Hosea atakuambia mambo ambayo rafu yote ya riwaya haiwezi kukuambia.

Kuna kitu kingine kinachokuumiza, nacho ni cha kiufundi tu. Katika riwaya hizi mara nyingi sura moja inasimuliwa kutoka kichwani mwa mwanamke na inayofuata kutoka kichwani mwa mwanamume. Kwa hiyo unajua anachowaza. Akinyamaza, msimulizi anakunong'oneza kwamba amenyamaza kwa sababu koo limemkaba kwa jinsi anavyompenda. Ukimya wake unakuwa mtamu kwa sababu umefasiriwa. Mume wako hana msimulizi. Amesimama kituoni saa nane usiku na hakuna sauti inayokuambia aliamka saa ngapi, alisubiri muda gani, aliwaza nini basi lilipochelewa, wala jinsi alivyotoka mlangoni, akakumbuka utakuwa na baridi, akarudi ndani kuchukua sweta.

Yule mchungaji wa kitabuni angekuuliza habari za marehemu. Huyu alileta sweta. Na wewe umeniandikia habari hiyo kama malalamiko. Hebu isome tena kama vile ingekuwa imeandikwa katika kitabu, na mwanamume huyo ni wa dada mwingine.

Kitabu cha Ruthu wengi hukiita hadithi ya mapenzi ya Biblia. Kina sura nne, kinasomwa kwa kikao kimoja. Boazi, ambaye mwishoni anamwoa Ruthu, anasema maneno mazuri ya baraka, lakini hakuna mahali anapomwambia Ruthu nakupenda. Kupenda kunakotajwa mle ni kwa Ruthu kumpenda mkwewe (4:15). Alichofanya Boazi ni kuwaagiza vijana wake wadondoshe masuke makusudi ili mwanamke yule aokote, na asubuhi moja kumpimia shayiri vipimo sita asirudi kwa Naomi, mkwewe, mikono mitupu. Naomi, mwanamke aliyeishi akayaona mengi, akaisoma shayiri ile akajua mtu huyu hatatulia mpaka alimalize jambo lao leo hii. Hakuhitaji kuambiwa. Hiyo ndiyo kusoma ninayokuombea uijifunze, na naamini riwaya zako zinaweza kukusaidia badala ya kukuzuia.

Ukitaka ya kuanzia, itafute ile ya kwanza ya Janette Oke, Love Comes Softly. Mwanamke kafiwa na mumewe safarini, ana mimba, hana pa kwenda. Anaolewa na mjane mwenye binti mdogo, kwa makubaliano kwamba akitaka kurudi kwao majira ya kuchipua, nauli atalipiwa. Hakuna mapenzi kati yao. Yanakuja taratibu, kazi baada ya kazi, siku baada ya siku, wakiwa tayari ni mume na mke. Sitakuficha, mwanamume yule anasali kwa sauti mezani, hapo itakuchoma. Lakini yaliyobaki yote ni matendo, na nadhani utamtambua mtu fulani.

Kabla sijaja kwenye la kufanya, neno kwa dada wengine watakaosoma jibu hili. Huyu binti ana mume mpole. Kama wako anakupiga au anakutisha, usichukue riwaya, wala ule mstari wa 1 Petro 3:1 kuhusu waume kuvutwa kwa mwenendo wa wake zao, ukaufanya sababu ya kukaa ukivumilia kipigo hadi sura yake ya mwisho ifike. Toka, tafuta usalama na watu wa kukusaidia. Kumwombea utamwombea ukiwa mbali.

Sasa wewe. Kuna kitu sikukiona katika barua yako, na nilikitafuta. Umemwomba Mungu abadilishe mume wako. Umemweleza mama wa kikundi. Umenieleza mimi. Hakuna mahali uliposema, "Nilimwambia mume wangu natamani tusali pamoja." Miaka tisa. Kwa Mungu umepeleka ombi ambalo lilikuwa na anwani ya mtu aliyelala pembeni yako. Mwanamume mkimya mara nyingi anadhani mambo yako sawa kwa sababu hajaambiwa vinginevyo, na huyu alipoambiwa unasoma Neno usiku alisema vizuri. Kwa upande wake alikuwa ameoa mwanamke mcha Mungu na ameridhika.

Mwambie kweli. Chagua saa ambayo watoto wamelala na hamjachoka sana. Mwambie, "Usiku ule sikuwa nasoma Neno, nilikuwa nasoma riwaya, nikaona haya. Nisamehe." Atakuuliza riwaya gani, au hatauliza. Usimpe hotuba ya vitabu arobaini. Mwonyeshe ukurasa mmoja, ule ambapo mwanamume anasema tumwulize Mungu kwanza, na umwambie, "Hapa ndipo ninapolia." Usiseme yeye hafanyi hivyo. Aione mwenyewe. Halafu mwombe msali pamoja, hata usiku huo mmoja, na akisema sentensi zake mbili na amina, zipokee kama zilivyo. Usimwongezee ya tatu. Nimewaona wanawake wema wakimuua mtu moyo kwa kurefusha sala aliyoithubutu kuianzisha.

Na ule usiku wa kituoni mshukuru, ingawa umepita. Mwambie hukumshukuru kwa sababu ulikuwa umechoka na umenuna bure.

Vitabu usivifute kwa sasa. Pumzika kidogo, labda hadi mazungumzo hayo yafanyike, kisha usome hadharani, sebuleni, taa ikiwa imewashwa. Kitabu ambacho huwezi kukisoma mbele yake, hicho ndicho cha kufuta. Ukimaliza kimoja, kabla ya kufungua kingine, kaa siku chache uishi katika nyumba yako. Ukijikuta umeanza tena kumpima, acha katikati ya sura. Mchungaji yule atakusubiri, hana pa kwenda.

Kwa mama wa kikundi rudi umwambie umefuata nusu ya ushauri wake na kwa nini. Ana haki ya kujua, na huenda naye kuna jambo alilokuwa analiogopa kwa niaba yako ambalo hakulisema vizuri.

Niandikie baada ya mazungumzo. Nataka kujua alisema nini ulipomwonyesha ule ukurasa.

Shangazi yako